Mkono Wangu Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Mji wetu umefufuka! Tangu mgodi ufungwe, palikuwa pa popo na kutu tu. Sasa chumba cha taa za wachimbaji ni studio. Nimeingia leo. Vumbi jeupe, ndoo, na ukuta mzima wa mikono ya plasta! Msanii anataka mikono ya wachimbaji wote wa zamani. Uzinduzi Jumamosi, na mama mkwe anakuja. Lazima wangu uwepo! Tangu nipose nimekuwa nikimwambia nilichimba chini ya ardhi. Ukweli: nilikuwa karani wa stoo, nikigawa sabuni. Anayejua ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi baruti. Nilimziba mdomo kwa sabuni za ziada.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuona mkono wa shemeji ukutani. Vidole kama tangawizi! Wangu laini kama wa bwana harusi. Nimeanza kuusugua kwa tofali. Mke kauliza huo ni upele gani. Nimemjibu ni mambo ya sanaa.

Alhamisi, 6 Machi
Kijiko hakishikiki. Safi sana! Mvumilivu hula mbivu.

Ijumaa, 7 Machi
Msanii kaniambia nijipake mafuta kwanza, plasta isishike nywele. Mafuta, mimi? Nimemwambia sisi wa chini ya ardhi hatuyajui. Kageuka kutafuta brashi. Nikauzamisha mkono kwenye ndoo ya plasta hadi kiwiko, uushinde wa shemeji. Kwanza joto. Halafu jiwe! Nikivuta, ndoo inakuja. Shemeji kaitwa, kaja na nyundo kuivunja plasta. Kacheka hadi kakaa chini. Nywele zote zimebaki kwenye plasta. Nililia. Nimewaambia ni furaha.

Jumamosi, 8 Machi
Msanii kaipenda ile plasta iliyovunjika. Kaitundika katikati! Kumbe maelezo ya chini yake kayaandikisha shemeji: “Mkono wa mgawa sabuni.” Mama mkwe kasoma polepole. Nilitamani ardhi ipasuke. Kanigeukia, kasema alijua tangu siku ya posa. Mchimbaji gani hunukia sabuni vile? Kasema siku ile alilala usingizi mnono, maana binti yake hatakuwa mjane wa mgodi. Nimelia tena. Safari hii kweli.

Jumapili, 9 Machi
Nimeapa: uongo basi! Mchana nimepita studio kuaga. Msanii kasema mwezi ujao anataka nyayo za waliosukuma matoroli. Nimemwambia nilisukuma miaka tisa. Viatu nimempa shemeji. Tangu saa nane natembea peku kwenye kokoto.