Ngazi za Nyumba ya Juu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu bado yuko kwa mama yake. Aliteguka kifundo cha mguu kwenye mteremko wetu wa tope, na sasa ametuma neno: harudi mpaka kuwe na ngazi bustanini. Si za saruji. Za mawe ya asili, kama za jirani yetu mstaafu, yule ninayemwita Bwana Bustani kwa sababu anapangusa mawe yake kwa kitambaa! Ameongeza kuwa kule ameanza kuzoea. Hilo ndilo limenichoma. Nyumba ina kimya hadi nasikia birika likipoa.
Nimemwendea fundi mawe. Ametaja bei. Nimemwambia nitarudi, na sote wawili tukajua sirudi.

Jumanne, 5 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Lile gofu la juu ya kilima, ngazi zake bado nzima. Mawe mapana, meusi, yamelika katikati kwa nyayo za watu. Mwenyewe hayupo. (Sijauliza. Anayeuliza hujibiwa.)
Nimeazima mkokoteni wa fundi, nikamwambia nahamisha kabati. Kila jiwe nimelitia alama ya chaki, ili nilipange kama lilivyokuwa. Akili ni mali!
Fundi kaja kuchukua mkokoteni, kaona mawe. Kisha kasema mawe ya ngazi za watu hayapangwi yalivyokuwa. Unayachanganya na kuyageuza tumbo juu, ili miguu iliyoyazoea isiyatambue. Nimemjibu tumbo lina mabonde, na mgongo umeshalainishwa bure. Kaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Machi
Zimekamilika! Changarawe chini, kila jiwe limeinama mbele kidogo maji yasituame. Bwana Bustani kasimama uani kwake, kasema zimekaa kama zilizaliwa hapo. Wivu huo.
Jioni nimekaa mlangoni kujipongeza. Jiwe la nne linacheza, likikanyagwa linagonga: ko. Nimelisikia. Ko. Mimi nilikuwa nimekaa juu, na ngazini hapakuwa na mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Nyayo! Za maji, za miguu mitupu, midogo. Zinapanda mpaka jiwe la mwisho mbele ya mlango, basi. Za kushuka hakuna.
Bwana Bustani, nani mwingine? Anakuja kupeleleza kazi yangu. Nimemshtaki palepale uani. Kavua kiatu, kaniinulia mguu. Mguu ule ni mkate mzima. Nimeomba radhi kwa kiasi.

Jumamosi, 9 Machi
Jana jioni nilitega ndoo ya maji kwenye jiwe la juu, mpelelezi ajikwae alowe. Leo asubuhi ndoo iko pembeni, imemwagwa, imekaushwa, imefunikwa vizuri. Ngazi zimefagiwa.
Naogopa. Nimeandika, basi imeandikwa. Lakini zimefagiwa kweli, hata kwenye pembe!

Jumapili, 10 Machi
Amerudi! Mama mkwe kamsindikiza. Mke wangu kapanda akitabasamu, kafika jiwe la nne, kasogea pembeni kama anayempisha mtu, kasema, "Shikamoo, bibi."
Palikuwa patupu.
Ndani kaniuliza yule bibi ni nani. Kasema bibi ameitikia marahaba, akamkaribisha, akamwonya kuhusu jiwe linalocheza. Amemkaribisha kama mwenye nyumba!
Mama mkwe kaweka mkoba chini, kayatazama mawe, kauliza yametoka wapi. Nilitaka kudanganya, lakini jicho lile halidanganywi. Kauliza nyayo zinaishia wapi. Jiwe la mwisho, nimesema. Kashusha pumzi. Kasema nina bahati, bibi haingii kwa sababu kizingiti chake kimebaki kule juu. Kesho niyarudishe mawe, au angalau niyageuze, la sivyo anaondoka na binti yake, na safari hii harudi kwa ngazi wala kwa lifti.
Nimeapa kwa mikono miwili. Mke wangu anacheka jikoni. Sauti hiyo! Nimelia kidogo nyuma ya mlango.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeamka mapema kwenda kuyageuza mawe. Kweli nilidhamiria. Mtaimbo nilikuwa nao mkononi.
Lakini mlangoni petu kuna ubao uliooza. Mke wangu akijikwaa pale, kifundo kitateguka tena, na nitabaki na birika langu. Na neno la mama mkwe limenikaa kichwani. Kizingiti! Kwa nini sikukiona siku ile?
Nimekiendea. Jiwe moja zima, laini, pana kuliko yote. Fundi kakataa kuniazima mkokoteni, ila Bwana Bustani kanipa wake, masikini, hana kinyongo. Nimekilaza mahali pa ubao. Kimekaa sawasawa. Mlango umefunguka wenyewe.
Mke wangu ananiita. Anasema tuko watatu, nani amemimina chai vikombe vinne? Mama mkwe anafunga mkoba wake, na sauti imempanda. Nitamtuliza.
Cha nne kimeshanywewa nusu. Ngoja nikae hapo karibu nimuulize bibi kama kule juu palikuwa na benchi la mawe.