Zawadi Kutoka Nisikofika

Jumatatu, 8 Mei

Jambo hili sijapata kumwambia mtu yeyote, hata padri kwenye maungamo: sijawahi kutoka kisiwani Marinduque. Hata mara moja. Nina miaka kumi na tano na sijawahi kutia mguu ndani ya feri.

Si dhambi. Tupo wengi. Taabu ni kwamba mimi ndiye mwandishi wa safu ya "Nyayo Zangu" kwenye gazeti la ukutani la shule. Safu kumi na mbili mpaka sasa! Nimecheza barabarani Kalibo, uso umepakwa masizi. Nimevaa barakoa ya tabasamu Bacolod. Nimetokwa na machozi mbele ya magari ya maua kule Baguio. Yote hayo nimeyafanya nikiwa nimekaa maktaba, meza ya pembeni, karibu na ndoo ya kukinga maji ya paa linalovuja.

Darasani mdomo wangu haufunguki. Ukutani ndipo watu wanaponijua. Hata wakubwa wa darasa la kumi na mbili husimama wakasoma. Nikinyang'anywa safu ile, nitarudi kuwa yule mvulana wa dirishani.

Leo Pepay Recio akasimama. (Baba yake ni baharia wa feri. Amezunguka naye visiwa chungu nzima. Anaitaka safu yangu, naliona hilo machoni pake.) Akauliza mbele ya darasa zima, kwa upole mno: "Teroy, msafiri wetu. Safari kumi na mbili! Mbona hatujaonja pasalubong hata moja?"

Nikaitazama feni ikigeuka huku na huku.

Kwetu mtu akienda mji wa pili tu kung'oa jino, hurudi na mfuko wa mikate ya kugawa. Shangazi alikwenda mazishini, akarudi na keki za mchele. Msafiri asiye na pasalubong, zawadi ya safari, ni heri abaki hukohuko. Katika uongo wangu wote nilikumbuka saa za feri, hali ya hewa, majina ya watakatifu. Zawadi nikasahau!

Nikasema zipo, ziko nyumbani, nitazileta. Darasa likapiga makofi.

Jumanne, 9 Mei

Mpango wa Kwanza: Bibi amezila.

Nilitangaza asubuhi, kwa huzuni, kwamba Bibi Ising alizifikia zote kabla yangu. Piaya za Bacolod, vile vimkate vya sukari, biskuti za Iloilo, jamu ya Baguio. Uzee, nikasema. Wenzangu wakanionea huruma. Nilijisifu kimoyomoyo hadi saa kumi.

Saa kumi na moja Pepay yuko mlangoni kwetu. Amekuja kumwamkia Bibi! Akambusu mkono, akamuuliza zile piaya zilikuwaje. Bibi akasema piaya gani. Kisha akanigeukia taratibu, kama feni.

"Kumbe una vitamu unavificha? Mimi niliyekuogesha?"

Nikajaribu kueleza. Sasa Bibi naye anadai piaya yake. Amegoma kula. Yaani amekula sahani moja tu.

Jumatano, 10 Mei

Mpango wa Pili. Huu hauna kasoro.

Bandarini kuna kibanda cha Mama Conching. Anauza vitamu vya kila pembe ya nchi: maembe makavu ya Cebu, piaya, biskuti, yote kwenye pakiti zilizobandikwa jina la mji. Ni kwa ajili ya wasafiri waliosahau pasalubong. Hushuka kwenye feri, hukwepa macho ya watu, hununua, huenda zao nyumbani wakitabasamu. Hakuna anayemtaja Mama Conching. Wote wanamjua.

Nilivaa kofia ya marehemu Babu. Nikakunja kona, nikagongana uso kwa uso na Mwalimu Malabanan wa darasa letu. Mikononi ana pakiti sita za maembe makavu ya Cebu. Mwalimu Malabanan alirudi juzi tu kutoka semina. Cebu.

Tukatazamana. Akasema anatafuta kamba ya kuanikia nguo. Nikasema na mimi pia. Tukasimama tukizikagua kamba, mimi na yeye, kama dakika tano. Mama Conching hauzi kamba. Zile zilikuwa za kufungia boti.

Alhamisi, 11 Mei

Ushindi! Nimegawa maembe darasa zima. Bibi amepata piaya yake na amenisamehe, ingawa anasema Bacolod siku hizi wamepunguza sukari.

Kisha Pepay. Alikula vipande vitatu polepole. Akaigeuza pakiti, akaitazama lebo. Akanong'ona sikioni kwangu: "Hii 'Cebu' imekaa upande. Jumamosi ile mkono ulikuwa umenichoka."

Mama Conching ni shangazi yake! Pepay ndiye hubandika lebo!

Nikasubiri apaze sauti. Hakupaza. Akasema bibi yake yuko Lucban, ng'ambo. Jumatatu ni sikukuu ya Mtakatifu Isidro, na mwaka huu msafara unapita barabara yao, na nyumba lazima ipambwe juu hadi chini, na mikono haitoshi.

"Uje ufunge mboga, bwana msafiri. Ukija, mimi sijui kitu. Usipokuja, Jumanne nasimama mbele ya darasa nasema yote."

Nikamwambia huko ni kutishana. Akasema ndiyo, ni kutishana.

Ijumaa, 12 Mei

Ruhusa. Mama amecheka hadi akakaa chini. "Wewe? Uvuke bahari? Wewe unayebeba taulo la kichefuchefu ukipanda pikipiki ya mjomba wako?" Lakini amekubali. Kwa Mwalimu Malabanan nilijiandaa na hoja nne. Nilipofungua mdomo tu akasema nenda, mwanangu, nenda, huku akiangalia dari.

Mwandishi makini hangoji tukio. Safu ya kumi na tatu, ya Lucban, nimeiandika leo, nimemwachia Mwalimu aibandike Jumanne asubuhi. Ni nzuri kuliko zote. Kilele chake ni pale ninapochuma jani moja la kiping kwenye ukuta wa nyumba, yale mapambo ya majani ya unga wa mchele yenye rangi, membamba kama karatasi, ninalitafuna papo hapo. "Tamu kama asali," nimeandika.

Jumapili, 14 Mei

Feri. Saa tatu nzima baharini.

Kofia ya Babu haitarudi nyumbani.

Pepay anasema hajawahi kuona mtu aliyecheza ngoma miji kumi na miwili akiagana na dunia kabla nanga haijainuliwa. Baba yake alinipa tangawizi, akamwambia aniache. Hakuniacha.

Jumatatu, 15 Mei

Tulianza kufunga tangu alfajiri. Bilinganya, maboga, maharage marefu, soseji zilizoning'inizwa kama shanga. Na kiping, mamia, nyekundu na njano na kijani, zimeshonwa pamoja zikawa taa kubwa ya maua juu ya dirisha. Bibi Sabel, bibi yake Pepay, alizianza tangu Machi. Mwaka huu anataka zawadi ya majaji wa mapambo. Msafara ukishapita barabara yake, hauji tena mpaka barabara nyingine zote zipate zamu, na yeye ana miaka themanini na moja. Alilisema hilo bila kunyanyua macho kwenye uzi.

Nilifunga vizuri. Bibi Sabel alinisifu vidole.

Ila ile safu ilikuwa inanikereketa. Nilikuwa nimeandika kwamba nilitafuna jani. Mimi si mwongo wa kupenda. Nikaona: nikilitafuna sasa, safu nzima inakuwa kweli! Nikatazama huku na huku. Nikachuma moja, jekundu.

Halikuchumika moja. Uzi ni mmoja. Taa yote ilinishukia kichwani.

Na kiping ya ukutani haitafuniki! Ni kama kutafuna karatasi ya nailoni. Hukaangwa kwanza. Hakuna kitabu kilichoniambia. Ilininata kwenye kaakaa, rangi ikanichuruzika kidevuni, na Bibi Sabel yuko mlangoni.

"Wee mtoto wa kisiwani! Unakula nyumba yangu?"

Majaji walikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Pepay hakupoteza muda. Alinisukuma dirishani, akanizungushia ule uzi wa majani kuanzia shingoni hadi magotini, akanivika kofia pana ya mkulima, akanitia bilinganya kila mkono. "Usipumue."

Sikupumua. Majaji wakasimama. Mmoja akasema sanamu hili limetengenezwa kwa ustadi, tazama lilivyoona haya, hata mashavu wamelipaka. Mwingine akasema midomo imezidi wekundu.

Nikakaa hivyo mpaka msafara. Niliuona kwa jicho moja. Mtakatifu alipita chini yangu kabisa, karibu ningemgusa kwa bilinganya. Harufu ya mboga zinazonyauka juani, na soseji, na jasho la watu. Bibi Sabel alipiga ishara ya msalaba kisha akabaki ameshika ukingo wa dirisha, midomo inamtetemeka. Nilisahau kwamba mimi ni sanamu. Pua iliniwasha na sikuikuna.

Amepata kifuta jasho! Gunia la mchele na karatasi yenye muhuri. Alinikumbatia nikiwa bado na uzi. Kisha tukala tambi juu ya jani la mgomba, bila uma, mdomo moja kwa moja. Kwenye safu nimeandika uma.

Jumanne, 16 Mei

Feri ya alfajiri. Sikutapika sana. Tulipokaribia bandari nikafungua begi niandae zawadi.

Shati. Daftari. Bilinganya.

Nilikwenda! Safari ya kweli, ya kwanza maishani, na sikuleta kitu!

Nikamwambia Pepay naenda kununua kamba. Mama Conching aliuliza leo natoka wapi. Nikasema Lucban. Akanikonyeza: "Haya, mwanangu. Wote hutoka Lucban." Nikamwapia. Akanifungia pakiti mbili, akachagua lebo zilizonyooka.

Darasani safu yangu ilikuwa tayari ukutani. Wote wameisoma. "Tamu kama asali" inawatoa mate. Nikagawa pakiti. Mmoja akauliza kama kweli safari hii nilikwenda, maana nina rangi kidevuni. Pepay akaitazama lebo, akanitazama mimi.

"Alikwenda," akasema. "Alikuwa dirishani. Alikuwa pambo."

Darasa likacheka mpaka machozi. Hakuna aliyemwamini.

Ametimiza ahadi, lazima niseme hivyo. Safu bado ni yangu. Saa ya mapumziko akaniuliza kama nitaisahihisha, kiping na uma, na kama nitaongeza yale ya bibi yake pale dirishani. Nikalifikiria kwa makini. Nikamwambia ile ya kwanza ina mtiririko mzuri zaidi. Akachukua pakiti iliyobaki, akaondoka nayo.

Baada ya kengele nilikwenda maktaba. Ndoo ilikuwa imejaa, nikaimwaga. Nikaazima kitabu cha Davao. Sherehe yao ya mavuno ni Agosti. Nikakaa meza yangu, nikachonga penseli, nikaandika: "Niliposhuka Davao, kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa harufu ya tunda la durian." Kisha nikatoka mbio mpaka bandarini kabla kibanda hakijafungwa, nikamwambia Mama Conching aniwekee pakiti tatu za peremende za durian.