Kilango cha Bomba na Kahawa ya Sikukuu

Jumatano, 11 Juni

Chumba cha chini kimefurika tena. Mara ya pili mwaka huu! Nilikuwa nimeziba tundu la kutolea maji sakafuni kwa tufe langu la mchezo wa kuangusha pini, tufe zito la heshima. Mvua imenyesha kidogo tu, bomba la majitaka la barabarani likajaa, na uchafu wa mtaa mzima ukapanda kupitia lile tundu ukaja kunisalimia. Tufe nimelikuta limejikunyata chini ya kaunta. Kaunta yangu ya msonobari! Nimeijenga kwa mikono yangu, na marafiki zangu wote wamewahi kulewa hapo.

Mechthild, mke wangu, alisimama kwenye ngazi na mabuti yake ya mpira. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Amesema kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate kwamba ikifurika mara ya tatu, nyumba inauzwa na tunahamia mjini Bielefeld. Ghorofa ya nne, mlango unaotazamana na wa dada yake Hiltrud. Nimemwambia hathubutu. Amenijibu, "We ngoja uone."

Hiltrud! Mwanamke anayewapimia wageni keki kwa rula! Bora nife.

Ijumaa, 13 Juni

Leo Gisbert Overkamp amechungulia juu ya ua, akavuta pumzi puani, akauliza kama tunapika kabichi. Mshenzi. Anajua fika harufu ile ni ya nini.

Gisbert ni jirani yetu wa kwanza. Huku kwetu Münsterland, Ujerumani, jirani wa kwanza hachaguliwi. Ni yule ambaye mlango wake uko karibu na wako, basi. Ukioa, yeye ndiye anayekufungia shada mlangoni. Ukipatwa na janga, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, na ukifa analibeba jeneza lako. Kwa hiyo siwezi kumkwepa hata nikifa.

Chumba chake cha chini ni kikavu tangu zamani. Ana pampu inayonyanyua maji machafu juu kuliko usawa wa barabara na kuyasukuma yaende zake. Amenishauri, bila kuulizwa, niachane na mambo ya matufe. "Nunua pampu, jirani, kama watu."

Kama watu! Nimemshukuru huku nimekenua meno. Kununua pampu kama yake ni kutangazia mtaa kwamba Gisbert alipata akili kabla yangu. Sinunui. Nimetafuta dawa yangu mwenyewe na nimeipata: kilango!

Jumamosi, 14 Juni

Fundi bomba amekuja na kilango. Kitu kizuri ajabu. Ni mlango mdogo unaokaa ndani ya bomba chini ya sakafu. Maji yetu yakitoka, unafunguka. Maji ya barabarani yakitaka kuingia, unajifunga. Hautumii umeme wala hauna kelele. Pampu ya Gisbert inanguruma hadi vikombe vyetu vinatetemeka kabatini.

Fundi alikuwa na maelezo mengi kuhusu siku za mvua, nini tufanye na nini tusifanye. Sikuyapata yote. Wakati huohuo Gisbert alitoka kukata nyasi, nami nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nikimwarifu kwamba sasa ufundi halisi umeingia mtaani. Fundi aliniuliza kama nimeelewa. Nimemwambia asinifundishe nyumba yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Chumba kikavu! Mechthild anasema ni kwa sababu hakuna mvua. Huyu mwanamke hana imani. Nimemsikia kwenye simu akimuuliza Hiltrud kama ile nyumba ya ghorofa ya nne ina roshani inayopata jua. Moyo umenishuka. Nimezaliwa kwenye nyumba hii. Baba yangu alichimba chumba kile cha chini kwa sepetu.

Lazima kilango kionekane kikifanya kazi, na kila mtu ashuhudie, Mechthild kwanza. Mpango umeiva. Alhamisi ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, maandamano yanapita mlangoni kwetu. Baada ya hapo mtaa wote unakuja kwangu kunywa kahawa. Utabiri wa hewa unasema mvua kubwa mchana. Safi kabisa!

Nilitaka tunywe kahawa kulekule chini. Mechthild amesema katika shimo lile hainywewi hata dawa. Tumekubaliana: kahawa juu, ziara chini.

Alhamisi, 19 Juni, asubuhi

Maandamano yamependeza. Gisbert alishika mti mmoja kati ya minne ya kitambaa kinachomfunika padri, uso umejaa utakatifu. Watu wote walikuwa wakiombea jua ili majani ya ng'ombe yakauke. Mimi nimeomba mvua. Kwa adabu, na baada ya wimbo wa mwisho.

Alhamisi, 19 Juni, jioni

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Mungu husikia! Wageni walipoketi tu, mbingu zilifunguka. Barabarani mifuniko ya mabomba ilikuwa ikirukaruka. Nikasimama, nikagonga kikombe kwa kijiko, nikawaongoza wote kwenye ngazi. Chini, sakafu kavu! Wamepiga makofi. Mechthild ameinama akaigusa sakafu kwa kiganja, akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama kwa miaka. Na Gisbert, mbele ya watu, amekiri, "Haya jirani, leo umenipata." Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Kwa furaha nimewarudisha wote juu na kuagiza kahawa zaidi. Na zaidi. Nimewalazimisha. Aliyekataa nilimjazia hivyohivyo.

Kahawa haikai mwilini. Foleni ya chooni ikaanzia mlangoni ikafika kwenye makoti. Kila mmoja aliingia, akamaliza, akavuta maji kwa bidii. Jikoni mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa ikitapika maji mzunguko baada ya mzunguko. Nikamtuma Gisbert chini akalete bia, maana nilitaka akione kilango mara nyingine na roho imuume.

Amerudi bila bia. Soksi zake za sikukuu zilikuwa zinachuruzika. Ameniinamia sikioni akaniuliza kwa upole nani anavuta maji chooni. Nimemjibu kwamba wote, karibu, zamu yako inakuja. Akashika kichwa. Amenieleza kwamba bomba la barabarani likijaa, kilango kimefungwa, na kikiwa kimefungwa hata maji yetu hayana pa kutokea. "Umemfungia mwizi nje, jirani, sawa. Na wewe umejifungia ndani!"

Nikapiga kelele mtu yeyote asivute maji. Asivute! Kimya kikatanda sebuleni. Katika kimya kile, chooni, mtu akavuta.

Basi safari hii uliofurika chini haukuwa uchafu wa mtaa. Ulikuwa wetu na wa wageni wetu waalikwa.

Mechthild alisimama kwenye ngazi. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nikihesabu tu: ya kwanza, ya pili, na hii hapa.

Hapo Gisbert akavua koti la sikukuu. Kwanza akazima umeme wa chini, akakataza mtu kushuka bila mabuti na glavu. Kisha akakimbia kwake kuleta pampu ya mkono. Bila kuambiwa na mtu, wengine wakapanga mstari kuanzia ngazini hadi shimo la mbolea bustanini, wamekunja mikono ya mashati meupe, wakapokezana ndoo. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa maandamano na wote wakaitikia. Mechthild alikuwa katikati ya mstari. Nadhani aliimba.

Ijumaa, 20 Juni

Mechthild amempigia Hiltrud. Nimesikilizia nyuma ya mlango, sina haya. Amemwambia hatuji!

Nilipomuuliza sababu, alivuta kiti akaketi. Kisha akasema jana aliuangalia ule mstari wa watu na nguo zao za kanisani, akajiuliza kule ghorofa ya nne, mbali na Hiltrud, jirani ni nani. Hiltrud hamjui hata jina mtu anayeishi chini yake. Amesema yeye hatazeeka mahali ambapo akianguka hakuna wa kuitwa ila dada yake. Ila kwa sharti moja: tunaweka pampu kama ya Gisbert, wiki ijayo, bila mjadala.

Nimekubali papo hapo. Nimelia. Nimesingizia dawa ya kusafishia sakafu. Amenipangusa uso kwa aproni yake akasema naongopa vibaya. Nimefurahi kuliko ninavyojua kuandika.

Jumapili, 22 Juni

Nimetafakari kwa kina, na ukweli lazima usemwe. Kilango hakina kosa! Hata tone moja la uchafu wa barabarani halikuingia. Kosa ni la vibofu vya wageni. Pampu ya nini basi?

Kwa hiyo nimempigia fundi na kumwambia asije na pampu. Mpango mpya ni rahisi hata nashangaa kwa nini sikuufikiria mapema. Mvua ikinyesha, choo chetu kinafungwa kwa kufuli, na kila mwenye haja anakwenda kwa Gisbert. Ni jirani wa kwanza, hawezi kukataa, mila ni mila. Asubuhi, yeye akiwa kanisani, nimetoboa njia katika ua wake wa miti. Nimeitoboa pana, wapite wawili wawili.

Mechthild hajui bado. Nataka iwe zawadi.

Utabiri unasema mvua kubwa Jumamosi. Nimewaalika tena wote, na Hiltrud pia, aje aone kwa macho yake kwa nini hatuhami. Amesema atakuja na begi, atalala kwetu. Nimempangia kitanda kulekule chini, karibu na kaunta, ndipo penye utulivu.