Dada Yangu Koplo na Wapiga Simu Wawili

Jumatatu, 4 Machi
Fundi Saa wa chumba cha jirani kasikika tena redioni. Mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa ameweka redio dirishani ili mtaa mzima umsikie, na wateja wangu wa fotokopi wakaacha vitambulisho vyao ndani ya mashine wakaenda kumpa mkono. Mkono! Mtu asiyejua hata kubadilisha betri bila kuangusha skrubu.

Mjadala wa wiki hii kwenye kipindi cha asubuhi: polisi ni wetu au si wetu? Chanzo ni yale ya Ijumaa sokoni. Askari alimpiga kwa rungu mbeba mizigo aliyedaiwa kuiba, bega likavunjika. Na aliyemnyang'anya askari yule rungu, akampeleka majeruhi hospitali, kisha akaketi kuandika maelezo dhidi ya mwenzake, ni dada yangu. Koplo. Tunaishi nyumba moja, kwa Mama. Kwa kuwa hakuna asomaye humu, niseme tu: sijaona mtu kama yeye. Leo karudi, kapiga pasi sare ya kesho, kamsaidia Mama kutundika mapazia. Hakugusia lolote.

Nimeamua. Kesho napiga simu redioni.

Jumanne, 5 Machi
Nimepiga. Nikajiita Mwana wa Haki. Nilitaka kusema jambo la busara, kwamba askari hawafanani. Mtangazaji akanikatiza, akataka kujua niko upande gani hasa. Nikasema polisi wote ni majambazi wenye sare. Wote, tangu mkuu hadi mfagizi wa kituo. Nilipewa dakika nne. Fundi Saa hupewa moja.

Nusu saa baadaye nikawaza. Laini ninazo mbili. Nikabana pua, nikateremsha sauti, nikawa Mzalendo Halisi. Nikamshambulia vikali yule mpumbavu aliyetangulia. Nikasema mwizi hana bega la kuhurumiwa. Dakika sita!

Jumatano, 6 Machi
Mtaa umepasuka katikati, na mimi ndiye shoka. Mshona nguo hasalimiani na muuza vyombo, na wamepakana ukuta. Kwenye foleni yangu mwalimu mmoja kauliza kwa upole kama aliyekosea si askari mmoja tu. Wakamzomea kutoka pande zote mbili, akaondoka bila cheti chake. Fundi Saa ni mfuasi wa Mzalendo. Alinikariria maneno yangu mwenyewe huku akinichoma kifua kwa kidole. Nikamwambia hoja hizo ni za mtu asiyekwenda shule.

Tukiwa mezani Mama akamwuliza Dada ukweli wa Ijumaa. Dada akanawa mikono kwanza.

"Aliiba simu," akasema. "Tukamkamata. Akakaa chini, mikono kichwani. Ndipo akapigwa. Nimeandika yote manne."

Mama akauliza wakubwa wake wanasemaje. Akasema wapo wanaotaka afute la nne. Na raia waliokuja getini kwa kituo kumpongeza, wao walitaka afute la kwanza. Hakufuta kitu. Wanaweza kumhamisha, au kumvua cheo. Aliyasema hayo huku akimwongezea Mama mboga, kana kwamba anazungumzia mvua.

Nilitoka nje nikasimama kidogo, najivunia kuwa mdogo wake. Halafu nikaona kwamba kwa redio hadithi hiyo ni ndefu mno.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mtangazaji kapiga laini zangu zote mbili, moja baada ya nyingine. Anawaalika Mwana wa Haki na Mzalendo Halisi studio kesho, uso kwa uso. Wote wawili wamekubali. Ningekataaje? Kaniita mchambuzi. Mara mbili.

Mpango: Mwana wa Haki ataingia studio. Mzalendo atasema ana mafua, atachangia kwa simu. Zamu yake ikifika, mimi nitaomba kwenda msalani. Mpango hauna kasoro. Nimeazima koti la Fundi Saa, nikamwambia nina msiba.

Ijumaa, 8 Machi
Studio ni chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Viti vitatu. Mtangazaji akatangaza kuwa ametuandalia mgeni wa ghafla tumrarue wote wawili. Mlango ukafunguka. Dada, na sare yake iliyonyooka. Akanitazama, akaketi.

Nikasema maneno yangu kuhusu sare zenye damu. Niliyaelekeza kwenye trei za mayai. Kisha nikaomba msalani, nikabana pua, nikapiga simu, nikasema koplo huyu amewasaliti wenzake. Kupitia spika ya koridoni nikasikia sauti yake ikijibu, haijapanda hata kidogo.

"Huyo wa kwenye simu na huyo aliyetoka ni mtu mmoja. Ni mdogo wangu. Nilimtambua tangu Jumanne, redio ya kituoni haizimwi. Nilidhani angechoka. Mpeni maji akirudi, akibana pua hukauka koo."

Mtangazaji akageukia mlango. Dada hakumngoja. Akaeleza yote manne, kwa mpangilio. Akaongeza kwamba ameivaa sare hii miaka kumi na mitano na anaipenda, na ndiyo sababu hawezi kuliacha la nne.

Ikaingia simu. Mbeba mizigo mwenyewe, kutoka wodini. Alisema polepole.

"Simu niliiba. Bega nilivunjwa nikiwa nimeshakaa. Koplo kasema kama ilivyokuwa."

Mtangazaji akawasihi wasikilizaji wapige, waseme wako upande gani. Hakuna aliyepiga. Akaweka muziki.

Nilirudi nikakuta glasi ya maji mbele ya kiti changu. Nikanywa yote.

Jumamosi, 9 Machi
Uchunguzi umefunguliwa dhidi ya askari yule. Dada kahamishiwa chumba cha mafaili mpaka uishe. Alisoma barua mara moja, akaikunja, akauliza kama kuna chai. Mwalimu wa juzi alipita kumpa mkono, na kuchukua cheti.

Nilimwomba radhi. Akauliza ni sauti ipi kati ya zile inayoomba. Nikasema yangu. Akasema hiyo hajaisikia siku nyingi, basi niende nikafue, zamu yangu imepita.

Jumapili, 10 Machi
Nimefua. Nimetafakari kwa kina. Dada amenifungua macho, na kosa langu sasa liko wazi: pande mbili hazikutosha. Watu wana kiu ya mtu wa katikati, anayepima mambo kama Dada. Nimesajili laini ya tatu. Sauti ya mzee mstaarabu, kikohozi kidogo. Jina: Bwana Mizani. Kesho asubuhi nitaeleza kwa utulivu kabisa kwamba yeyote asiyeona pande zote mbili ni mpumbavu, msaliti na adui wa taifa, na apigwe marufuku kushika simu.