Wiki ya Kwanza Mtu Anaruhusiwa

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimepelekwa kliniki kama ng'ombe wa josho. Wamucii mbele, mimi nyuma, koti nimevalishwa. Huyu ni mke wangu tangu enzi za mashine ya mbao kule Timboroa. Hajawahi kunishinda kwa maneno, ndiyo maana siku hizi anakodi watu waliosoma.

Mwenyewe sioni shida iko wapi. Sigara nilianzia Timboroa, ambako asubuhi hata jogoo anawika akitetemeka. Ilikuwa ni sigara au kuganda. Sikuganda. Shukrani zangu ndizo hizi.

Shida ni Ciku. Mjukuu wangu ana pumu tangu utoto, na Jumamosi ya wiki ijayo watu wa Soy wanaleta ruracio yake, ile mahari yetu ya maneno mengi na mbuzi wachache. Mimi ndiye guka wake. Msemaji wa nyumba ni mimi. Sasa Wamucii ametangaza kwamba msemaji hukaa bega kwa bega na bibi harusi, na Ciku hatakalishwa kando ya jiko la makaa. Nikinuka sigara siku hiyo, atasema Gathogo.

Gathogo! Ndugu ya Wamucii. Mzee wa kanisa. Hajawahi kuvuta, hajawahi kulewa, hajawahi kumaliza hadithi. Huyo akipewa nafasi ya kusema, wale mbuzi watakufa kwa uzee.

Daktari anaitwa Byron. Ndevu zake bado zinajaribiwa. Alinipulizisha kifaa fulani, akakitazama kama fundi anayeangalia injini iliyoharibiwa na fundi mwingine. Akaandika vidonge vya kuacha sigara. Nikamuuliza kidonge kitanishika mkono vipi. Akasema kinaingia kichwani, kinakalia kile kiti ambacho sigara hukalia, ili sigara ikija ikute kumejaa. Nikamwambia hiyo ni habari ya Gathogo na kiti changu. Hakucheka.

Akauliza kama natumia tumbaku nyingine yoyote. Nikasema hapana. Ugoro sikuutaja. Ugoro hauvutwi, hunuswa, tena ni wa sherehe.

Nimeze baada ya kula, na glasi nzima ya maji. Halafu akatoa neno lililonifanya nimpende kama mwanangu: wiki ya kwanza, wakati dawa inazoea mwili, mtu anaruhusiwa kuendelea kuvuta. Kuacha kabisa ni Jumatatu ijayo.

Nikamwomba arudie, Wamucii akisikia. Akarudia.

Kumbe kusoma kuna faida.

Jumatano, 9 Julai

Navuta kwa amri ya daktari. Mlangoni, mchana kweupe, miguu nimenyoosha. Wamucii akipita anakohoa kikohozi cha siasa. Nimemwambia asiingilie matibabu.

Nilienda dukani kwa Abdullahi kuchukua pakiti. Amenipimia sukari na kuniuzia sigara tangu alipofika hapa Munyaka na kreti moja ya soda. Akauliza, si amesikia mzee yuko kwa dawa ya kuacha? Nikamweleza kwamba hii dawa inaenda na sigara, kama chai na mandazi. Akasema dawa ya namna hiyo hata yeye angependa kuiuza.

Gathogo amepita jioni, Biblia kwapani. Akauliza kama huku ndiko kuacha. Nikamjibu kwamba mambo ya kitaalamu hayajadiliwi kwenye ua. Akasema basi, yeye ameanza kujiandalia maneno mawili matatu ya ruracio, ikiwa tu itabidi. Hiyo "ikiwa tu" aliilamba mdomoni kama peremende.

Maneno mawili matatu! Huyu akiombea chai, inapoa.

Ijumaa, 11 Julai

Dawa ni dawa, nilisema. Habari ya chakula ni ya watoto. Nikameza asubuhi tumbo tupu, na chai ya rangi nzito. Kabla kikombe hakijafika chini nilikuwa nimekumbatia mti wa parachichi nikitoa hata vitu vya mwaka jana. Wamucii alinishikia mgongo. Alinihurumia sana. Aliniuliza mara tatu kama glasi ya maji ilikuwa mbali.

Tena kuna ndoto. Byron alisema huenda nikaota, sikujua ni sinema. Usiku nimeota niko Kaptagat nakimbia na wale wanariadha, mimi na malapa yangu, sigara mdomoni, nimewaacha wote nyuma. Gathogo alikuwa kando ya barabara ameshika ndoo ya maji. Nimeamka nimechoka, lakini nimeshinda.

Jumapili, 13 Julai

Kesho ndiyo siku ya kuacha. Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo, nilikuwa nafikiria.

Nimepata. Kama wiki ya kwanza mtu anaruhusiwa, mwenye akili ni yule asiyetoka kwenye wiki ya kwanza. Ijumaa nilitapika. Dawa iliyotapikwa haikuingia. Dawa isiyoingia haikuanza. Kwa hivyo wiki haijaanza. Hata mtu wa darasa la nne anaona.

Nikampelekea Wamucii hesabu hiyo baada ya chakula, kwa upole, kama mtu aliyesikitika. Akampigia Byron simu na kuiweka sauti ya juu. Kijana akasema wiki ni wiki, kesho mzee aache, na mama amwambie kama mzee anameza na chai au na maji. Wamucii akaniangalia. Nikaangalia kalenda.

Mpango wa pili, basi. Pakiti nimeificha chini ya yule kuku mwekundu anayeatamia. Wamucii anamwogopa kuku huyo. Mimi pia kidogo, lakini mimi nina sababu.

Jumanne, 15 Julai

Jana sikuvuta. Wamucii alinifuata hadi chooni, akasimama nje akiimba nyimbo za ibada.

Leo ameenda kununua viazi vya Jumamosi. Nikakimbia kwa kuku. Nimedonolewa mkono mzima, lakini pakiti nimeitoa. Nikaketi nyuma ya banda, nikawasha, nikavuta ile ya kwanza ya kufunga macho.

Blanketi. Nimevuta blanketi.

Nikajaribu ya pili. Blanketi iliyonyeshewa.

Nikavamia duka la Abdullahi. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba sikutarajia, baada ya miaka yote hii, amuuzie mzee sigara ya magendo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera. Akafungua pakiti mpya, akampa dereva wa lori aliyekuwa anakunywa soda hapo, akamwomba atoke nje aionje. Yule dereva akavuta kwa raha iliyoniumiza. Akasema hii ni sawa kabisa, akaomba nyingine.

Abdullahi akapangusa kaunta. Akasema, "Mzee Mungai, sigara ni ile ile. Wewe ndiye umebadilishwa."

Nimerudi nyumbani polepole. Sasa nimeelewa. Mimi nilimeza dawa ili niruhusiwe kuvuta, na dawa ikazunguka nyuma yangu ikafanya kazi. Bila kuniuliza. Sina hamu. Nimetafuta hamu mwili mzima kama mtu anayetafuta funguo. Hakuna.

Huu ni wizi.

Alhamisi, 17 Julai

Ukweli haunisaidii. Nimemwambia Wamucii nimeacha, akasema ndiyo, na yeye ni malkia. Nimedanganya vizuri kwa miaka mingi sana. Siku niliyosema kweli sina mteja.

Na Gathogo anafanya mazoezi. Anaishi ng'ambo ya ua, kwa hivyo nasikia yote. Leo amehutubia ndizi zake tangu asubuhi. Alipofika mahali pa kusifu ukoo wetu alikuwa amepitia Mwanzo na Kutoka.

Mchana akalianika koti lake la kahawia juu ya ua, lile la sherehe, lipigwe na upepo. Upande wangu.

Nikaliangalia koti. Koti likaniangalia.

Sheria ni ya Wamucii mwenyewe: anayenuka sigara hasemi. Hakutaja jina. Nikachukua ile pakiti, nikaingiza uso ndani ya mkono wa koti, nikawasha. Kazi ngumu kuliko kupakia mbao. Kila pumzi blanketi, macho yanatoka machozi, na bado napuliza, mfuko kwa mfuko, kwa bidii ya mtu anayelipwa. Sijawahi kuvuta kwa kujitolea namna hiyo.

Wamucii alinikuta hapo. Anasema alichoona ni mume wake amemezwa na koti hadi masikioni, na moshi unatoka upande wa pili kama treni ya zamani ikipanda Timboroa. Nikamwambia sivuti, ninavutia koti. Nilipolisema ndipo nilipolisikia.

Ameitumbukiza pakiti kwenye ndoo ya nguruwe. Kisha akamwita Ciku aje aamue.

Ciku alikuja jioni kutoka kazini. Alipoelezwa alicheka hadi akakohoa, akatoa ile dawa yake ya kupuliza, akavuta, akaendelea kucheka. Halafu akaacha. Akanivuta kando. Akasema, "Guka, Gathogo anaweza kusema, sikatai. Lakini ni wewe nataka. Nataka nikae karibu na wewe siku moja, hii kitu nikiwa nimeiacha ndani ya nyumba. Hiyo tu."

Nikasema hakuna shida. Nikaangalia kuku kwa muda.

Hukumu ikatoka: Guka atasema. Gathogo atakaa nyuma, kama gurudumu la akiba.

Jumamosi, 19 Julai

Ilikuwa siku yangu. Naandika "ilikuwa".

Asubuhi Wamucii amenisugua kwa sabuni ya kipande kama sufuria ya ugali. Akaninusa shingo, akaninusa koti, akaninusa hata kofia. Hakupata kitu. Nikafurahi kuliko watu wa Soy.

Ciku akaketi karibu nami, mikono mitupu, dawa yake iko ndani. Gathogo nyuma yetu, na lile koti la kahawia. Hakuwa na lingine.

Wakwe walileta msemaji wao, mzee Muchiri, mtu wa maneno laini. Akasema wamepotelewa na mwanambuzi, na nyayo zimeingia lango hili. Nikamuuliza kama kule Soy mbuzi huvaa viatu vya kisigino, maana nyayo nilizoziona hapo ni hizo. Watu wakacheka hadi kina mama waliokuwa jikoni wakatoka. Nilikuwa naruka. Ciku alinibana mkono.

Basi mzee Muchiri akatoa kibuyu cha ugoro.

Kukataa ugoro wa mkwe ni kumkataa mkwe. Hilo kila mtu analijua. Na daktari alisema sigara. Wengine walichukua kidogo kwenye ukucha. Mimi, kwa sababu Gathogo alikuwa anaangalia, nilijimiminia kilima kiganjani. Nikanusa nusu. Raha sikuisikia, kile kiti bado kimekaliwa. Ile nusu nyingine nikabaki nayo mkononi, maana wakati ulikuwa umefika wa lile swali kubwa, lile ambalo msemaji anamuuliza msichana mbele ya wote kama amekubali.

Nikasimama. Nikainua mkono. Nikasema, "Ciku, mali ya watu hawa, tu—"

Chafya.

Haikuwa chafya ya binadamu. Kilima chote kiliondoka kiganjani kikamwendea Ciku usoni. Nikajaribu tena: "Tuile, au tu—" Chafya. Ciku akashika kifua. Wamucii alikimbia ndani kuleta dawa. Sijamwona akikimbia hivyo tangu siku chui alipoingia bandani Timboroa. Mzee Muchiri akauliza kwa sauti ya chini kama nyumba hii inakataa. Nikataka kumwambia hapana. Chafya.

Mtoto anakohoa, pumzi inapiga filimbi, na mimi niko hapo napiga chafya kama pikipiki isiyowaka. Sikuweza hata kumshika bega.

Gathogo akasimama. Akauliza, "Ciku, mali hii tule, au turudishe?" Akaketi. Hiyo tu. Hotuba fupi kuliko zote za maisha yake, na ilikuwa nzuri, na sitamsamehe.

Ciku akavuta dawa yake. Tukangoja. Pumzi ya kwanza aliyoipata aliitumia kujibu: "Mle."

Vigelegele. Walikula, walicheza. Nilipewa supu jikoni na kina mama.

Faraja ni moja. Nilimsikia mzee Muchiri akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mzee wa kanisa anasema vizuri, lakini ananuka sigara sana.

Jumapili, 20 Julai

Ciku amepiga simu. Kifua kimetulia. Akasema, "Guka, angalau hukuvuta." Sikujua kama anacheka au vipi. Desemba kuna sherehe kubwa ya ndoa, ile ya kukata bega la mbuzi, na nyumba itahitaji msemaji. Nikamuuliza ni nani. Akasema tutaona. Gathogo nimemsikia tayari yuko na ndizi.

Wamucii anasema ugoro ni tumbaku. Nikamuuliza moshi uko wapi. Akaendelea kupika.

Nimekaa chini ya parachichi nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Ni la Byron. Aliuliza haraka mno.

Kwa hivyo kesho narudi kliniki mwenyewe, bila kuburutwa, Wamucii ashangae. Nitamwambia kijana nina tatizo la ugoro, na ninataka kuuacha kwa moyo wote, kwa ajili ya mjukuu wangu. Ana vidonge, anipe.

Mzee Muchiri aliniachia kile kibuyu, kumbukumbu ya ukwe. Kimejaa hadi shingoni. Nimekiweka chini ya kuku mwekundu, na mkono huu ninaoandikia umefungwa kitambaa.

Si haraka. Wiki ya kwanza mtu anaruhusiwa.