Mimi Ndiye Asilimia Ishirini

Kwa Ndugu Mkaguzi wa Shule za Msingi,
Ofisi ya Elimu, chumba cha pili baada ya ngazi.

YAH: OMBI LA KUIFUNGA SHULE YETU HARAKA IWEZEKANAVYO

Ndugu Mkaguzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeshapata mwavuli mwingine. Ule uliousahau siku ya ukaguzi bado umening'inia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na hakuna aliyethubutu kuufungua.

Mimi ni mwanafunzi wa kike wa darasa la sita, umri miaka kumi na mitatu. Hatujawahi kuzungumza. Ulipokuja darasani uliniuliza swali moja, nami nikatazama dirisha mpaka ukaondoka. Usinichukulie vibaya. Nimefundishwa kwa lugha mbili tangu darasa la kwanza, na ninanyamaza vizuri kwa zote mbili. Kuandika ndiyo naweza kidogo, kwa sababu karatasi hainitazami.

Ripoti yako tumeiona. Imebandikwa kwenye mlango wa ofisi, na nakala nyingine iko dukani, pembeni ya mizani. Inasema shule yetu ina wanafunzi hamsini na wanane badala ya sitini, walimu watatu kwa madarasa saba, na matokeo "yasiyotabirika", kwa hiyo inafikiriwa kufungwa mwisho wa mwaka, na sisi kuhamishiwa shule kubwa ya ng'ambo ya barabara kuu. Chini umeandika kwamba mwenye maoni ayatume kwa posta, na muhuri usiwe wa baada ya Jumatatu ijayo. Wenzangu wanne wa darasani wameshatuma yao, yote ya kupinga. Redio, ambaye anaongea hata akiwa anatafuna, ametuma kurasa kumi na moja. Nasikia hakuna mwingine aliyeandika. Mimi peke yangu niko upande wako. Naomba shule ifungwe, na sababu zangu ni hizi:

Lalamiko la 1. Ripoti imenitaja hadharani. Jina hukuandika, nakubali. Umeandika: "Asilimia ishirini ya wanafunzi wa darasa la sita hawazungumzi kabisa darasani." Ndugu Mkaguzi, tupo watano. Kuna mapacha, kuna Redio, kuna Meneja anayetunza chaki, na kuna mimi. Watu hawakuhitaji kikokotoo. Bibi yangu aliisoma dukani kwa sauti, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua: "Asilimia ishirini hawasemi! Masikini, watoto wa nani hao?" Kisha akahesabu kwa vidole, akanigeukia. "Alaa! Kumbe ni wewe." Tangu siku hiyo fundi cherehani wa pale barazani ananiita Ishirini. "Ishirini, hujambo? Leo umesema?" Namjibu kwa kichwa.

Lalamiko la 2. Siruhusiwi kuumwa. Muhula uliopita nilipata matubwitubwi, shavu la kushoto, nikalala nyumbani siku tatu. Ofisi yako ikaandika kwamba utoro wa darasa la sita umefika asilimia ishirini na chanzo kitafutwe. Akaja bwana mmoja na fomu, akaketi sebuleni, akamuuliza mama kama shule ni mbali (naiona nikiwa jikoni), kama ninachunga mifugo (tuna paka), na kama kuna mila inayonizuia kusoma. Mama akamwambia, "Baba, si umtazame tu shavu lake!" Akajibu kwamba fomu haina sehemu ya shavu. Aliponigeukia mimi nikashindwa kufungua mdomo, nusu kwa aibu na nusu kwa matubwitubwi, naye akaandika: "Mhusika hakutoa ushirikiano." Shule kubwa, darasa la sita lina wanafunzi tisini na watano. Nikiongezeka mimi watakuwa tisini na sita. Nikiumwa huko nitakuwa asilimia moja na vumbi. Nani atakuja na fomu kwa ajili ya vumbi?

Lalamiko la 3. Alama zangu si zangu. Mtihani wa kwanza wa Hesabu nilipata arobaini na moja. Wastani wa darasa ukawa hamsini na saba, shule ikaporomoka mpaka nafasi ya kumi na tisa, na mama mdogo, ambaye ni muuguzi, akapewa pole na mgonjwa aliyekuwa akimfunga bandeji. Mtihani wa pili nikapata sabini na sita. Wenzangu hawakusogea hata alama moja. Wastani ukapanda mpaka sitini na nne, tukaitwa shule iliyopiga hatua kubwa zaidi, na Mwalimu Mkuu akazawadiwa saa ya ukutani. Saa hiyo inanitazama kila ninapopita. Ulipoandika "matokeo yasiyotabirika" ulikuwa unaandika habari za tumbo langu siku ya mtihani. Nimesikia kule shule kubwa kuna kijana aliyepata alama nne, na hata anayekaa naye dawati moja hajui. Hiyo ndiyo naiita heshima.

Lalamiko la 4. Walimu wamezidi. Najua wewe umeandika kuwa wamepungua, lakini wewe ulikaa nasi saa mbili tu. Mwalimu wetu anafundisha Hesabu, Sayansi na Michezo, na ili asichanganye mambo, kila somo lina vazi lake: koti la bluu ni Hesabu, koti jeupe ni Sayansi, filimbi ni Michezo. Ukimuuliza swali la Hesabu akiwa na koti jeupe anasema, "Hilo kamuulize mwalimu wako wa Hesabu," anatoka, tunamsikia akihangaika na msumari wa kutundikia, halafu anaingia na la bluu: "Nimeambiwa humu kuna mtu ana swali." Tunacheka, yeye hacheki. Shida yangu ni kwamba walimu hawa watatu wanasimuliana. Filimbi ikiona nimekimbia kivivu jioni, asubuhi koti la bluu linaniuliza kama nilikunywa chai. Mtoto hana pa kupumulia.

Lalamiko la 5. Darasani hakuna nyuma. Ni wewe uliyeagiza madawati yapangwe nusu duara "ili kila mtoto aonekane". Madawati yenyewe ni matano! Sina hata mgongo mmoja wa kujifichia. Mwalimu akiniuliza swali anasubiri. Anamimina chai kutoka kwenye chupa yake, anaipuliza, anasubiri. Redio akitaka kunijibia anaambiwa, "Wewe zako umeshazimaliza, mpaka za kesho kutwa." Siku moja, nikiwa nachunguza kidole gumba cha mguu, Mwalimu alisema, "Sina haraka, mwanangu. Kipindi ni dakika arobaini, nanyi mko watano. Kila mtu ana dakika nane zake. Hizi ni zako. Ukitaka kuzikalia kimya, zikalie, lakini simpi mwingine." Nikazikalia zote nane. Ndugu Mkaguzi, hakuna binadamu anayestahili kusubiriwa kiasi hicho. Nimepiga hesabu ya kule shule kubwa: dakika arobaini kwa watu tisini na sita ni sekunde ishirini na tano kila mmoja. Sekunde ishirini na tano naweza kuzimaliza kwa kukohoa.

Lalamiko la 6. Uandikishaji umevuka mipaka. Tangu uandike kwamba tumepungukiwa watoto wawili, Mwalimu Mkuu anapita nyumba kwa nyumba na daftari la wanafunzi kwapani. Juzi alifika kwetu, akamkuta dada yangu mkubwa ni mjamzito, akamwandikisha mtoto aliye tumboni, darasa la kwanza, kwa penseli. Dada akasema, "Jamani Mwalimu, hata hajazaliwa!" Naye akamjibu, "Ndiyo maana nimetumia penseli." Sasa mpishi wa shule, ambaye ndiye pia mpiga kengele, anamwita dada "mzazi mwenzetu" na ameshamwalika kikao. Siku ile Mwalimu Mkuu alipokuwa anaondoka alisimama kwenye kizingiti, akanitazama, akasema polepole, "Wewe usihame, sawa mama?" Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi mpaka juu. Nikatazama viatu.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima shule ifungwe bila kungoja mwisho wa mwaka, Jumanne ikiwezekana. Ikishindikana, nihamishwe mimi peke yangu, ingawa najua utaandika kwamba asilimia ishirini ya darasa la sita wametoroka. Ikishindikana na hilo, waletwe wanafunzi tisini na mmoja wakae mbele yangu, warefu kwa kadiri wanavyopatikana. Na yote yakishindikana, niandikwe kama nusu mwanafunzi. Asilimia kumi nitajitahidi kuivumilia.

Kesho, Ijumaa, mama amepanga niende kuiona shule kubwa siku nzima. Sijawahi kuingoja siku kwa hamu namna hii.

Nisalimie katibu muhtasi wako, na dereva aliyelala garini siku ya ukaguzi, na yule bwana wa fomu. Mwambie shavu limepona. Bibi anakusalimu, mama na dada pia, na huyo wa penseli. Walimu wangu, koti, koti na filimbi, wangekusalimu wote kwa mkono mmoja, ila hawajui kama naandika.

Wako mtiifu asiyependa kutajwa,

Ishirini
(darasa la sita, dawati la katikati)

N.B. Ndugu Mkaguzi, hapa ni Jumatatu na niko kwenye kaunta ya posta. Kalamu yao imefungwa kwa kamba fupi, ndiyo sababu mwandiko umelala. Ningeandika upya barua nzima, lakini muhuri wa leo ndio wa mwisho, na karatasi imebaki upande huu tu. Karani ananiuliza, "Binti, ni barua au ni kitabu? Nyuma yako kuna foleni."

Ijumaa nilienda. Ilikuwa vile vile nilivyoota. Nilikaa safu ya tisa, ukutani, nyuma ya migongo minane. Mwalimu wao ni mpole, sauti tu imemkauka. Aliuliza, "Mpo wote?" wakaitikia, "Ndiyooo!" Mimi sikuitikia, na hakuna kilichopungua. Msichana wa pembeni alichukua rula yangu, akapiga mstari, akairudisha bila kugeuka. Mpaka kengele ya mwisho hakuna aliyeniuliza jina. Mama aliponiuliza, "Enhe, umeipenda?" nikasema, "Nzuri," nikaenda kujifungia chooni.

Leo asubuhi nimerudi darasani kwetu. Ubaoni kulikuwa na tarehe ya Ijumaa na kichwa cha sura mpya, kimepigiwa mstari, na chini yake hakuna kitu. Nikamuuliza Meneja kwa macho. Akasema, "Koti la bluu liligoma kuanza. Limesema asilimia ishirini ya darasa haipo." Ijumaa nzima walicheza drafti kwa vizibo vya soda, na Redio amefungwa na mapacha mara sita.

Kwa hiyo naomba, popote nilipoandika "lalamiko", usome "sababu ya kutoifunga". Nimejaribu hapa kwenye foleni, na inakaa vizuri, hasa namba tano. Na tafadhali usije ukaandika kwamba asilimia ishirini ya maoni yanaunga mkono kufungwa kwa shule. Nakufahamu. Yangu yaweke pamoja na yale manne. Mwavuli njoo uuchukue mwenyewe, hata mwakani, tutakuwepo.

Jambo la mwisho. Ile asilimia isiyozungumza naomba uifute, kwa sababu leo kipindi cha pili nilinyoosha mkono. Mapacha waliinama kutazama kama kuna mdudu chini ya dawati langu. Mwalimu alikuwa na koti jeupe. Akaniashiria ningoje, akatoka, tukasikia msumari, akarudi hana koti lolote. Akaketi, akafungua chupa ya chai. "Haya, mwanangu. Dakika nane."

Nikaomba ruhusa ya kwenda posta. Ilinichukua nusu dakika, na sauti ilikatika katikati. Saba na nusu zilizobaki nimemwomba aniwekee, nitazitumia nikirudi.