Binti Anasaga Meno, Baba Kang'ata Misumari

Redio ya Sharubu, kinyozi wetu, ndiyo iliyotuchokoza pale kijiweni. Daktari wa meno kasema humo kwamba kijana anayesaga meno usingizini asifokewe. Apimwe, apewe kiplastiki cha kuvaa menoni akilala.

"Uongo mtupu!" akaruka Meno Chuma, mpakia mizigo, anayetufungulia soda zote kwa magego. "Hiyo ni minyoo!"

"Minyoo unayo wewe," Sharubu akamjibu huku anatafuna njiti ya kiberiti.

"Mmh! Mmh!" akadakia Fundi Viatu, misumari imejaa midomoni kama kawaida yake. Akaitema kiganjani. "Jamani, msicheke. Binti yangu anasaga mpaka mama yake anadhani kuna panya darini. Meno ya mbele yameanza kulika! Kiplastiki tumempa, kakificha chini ya godoro, eti kinamfanya aonekane bondia. Naogopa jamani, atakuwa kibogoyo kabla hajamaliza shule."

"Mchape!" akasema Meno Chuma.

"We nawe! Redio si imekataza?" Sharubu akamkemea.

"Basi tumpe nasaha. Watu wazima tupo kwa kazi gani?"

Binti alipopita kutoka shule tukamwita, tukamwagizia soda kumlainisha.

"Shikamooni."

"Marahaba. Mwanangu," Sharubu akaanza, njiti inahama shavu hadi shavu, "mdomo si karakana."

"Uheshimu," nikaongeza mimi, nikitema kipande cha ukucha.

Binti akatukagua mmoja mmoja, kicheko kikamtoka puani. "Haya, wazee wangu. Kiplastiki navaa, kuanzia leo. Ila na nyie msitie mdomoni kitu kisicho chakula. Baba, umekubali?"

"Mmh!" Misumari ilisharudi mdomoni. Tukaangua kicheko mpaka benchi likalia. Fundi akaona aibu, akaitema yote ndani ya kopo. "Nimekubali, mama," akasema kwa furaha.

Sharubu akatupa njiti. Mimi nikaikalia mikono yangu.

"Mfungulieni mtoto soda yake!" Fundi akashangilia.

Meno Chuma akainua chupa, akaachama. Binti akakohoa. Meno Chuma akafumba mdomo taratibu.

"Opena iko wapi?" akauliza kwa unyonge.

Tukatazamana. Miaka yote hiyo, kijiwe kizima, hakuna aliyewahi kununua opena. Tukatawanyika na kiu zetu, binti akaenda nyumbani na soda yake imefungwa, anacheka njia nzima.